Nukta ya Menkewierde

Tarehe 14 Oktoba 1957, Frouwke Havinga, karani wa posta mwenye umri wa miaka ishirini na sita, alijaza kwa wino mweusi fomu ya watoa maneno wa kamusi ya lahaja za Groningen. Fomu hiyo ipo hadi leo, namba 212. Mstari wa nne unauliza mama wa mtoa maneno alizaliwa wapi. Frouwke aliandika jina la kijiji chake cha pwani: Menkewierde.

Haikuwa kweli. Mama yake, Fenna Lambers, alizaliwa Bentheim, upande wa Ujerumani, zaidi ya kilomita mia kusini. Alivuka mpaka mwaka 1926 akiwa na miaka kumi na tisa, kuja kufanya kazi za ndani kwa mkulima mmoja wa ngano, kama walivyofanya maelfu ya wasichana wa kwao miaka ile. Akaolewa na Derk Havinga, kibarua wa shamba lilelile. Madhehebu yao yalikuwa mamoja, na lugha ya nyumbani ya Bentheim ni ndugu wa karibu wa lugha ya pwani ya Groningen. Baada ya miaka mitano mgeni asingeweza kumtofautisha na majirani zake.

Majirani wenyewe walijua. Hadi mwaka 1940 halikuwa jambo. Baada ya Mei 1945, uvamizi wa Wajerumani ulipokwisha, likawa jambo. Hakuna aliyempiga Fenna wala kumtolea maneno. Waliacha tu kuja kunywa kahawa saa nne asubuhi. Kwa muda aliendelea kupanga vikombe sita mezani, kisha vinne, kisha akaacha. Dukani alinyoosha kidole kuonyesha anachotaka, ili asisikike. Frouwke alikuwa na miaka kumi na minne na ndiye aliyebeba kikapu. Hivyo fomu ilipomfikia mkononi miaka kumi na miwili baadaye, hakufikiri sana. Aliandika kile ambacho nyumba yake yote ilikuwa imejizoeza kusema.

Kamusi ilikuwa na kanuni moja isiyo na mlango wa nyuma. Mtoa maneno lazima azaliwe kijijini, na baba na mama yake pia. Mtoto huyabeba maneno kabla hajajua yametoka kwa nani, na ofisi ilitaka kuweka nukta kwenye ramani ikiwa na hakika kwamba nukta hiyo ni ya kijiji hicho na si ya kijiji kingine.

Kila vuli ofisi ilituma orodha ya maswali. Mnaitaje utando unaokaa juu ya maziwa yaliyochemka? Mnaitaje mtoto anayechelewa kumaliza chakula? Frouwke alijibu kila neno kwenye kadi yake, akaweka nakala nyumbani kwenye masanduku ya viatu. Hakuolewa. Jioni zake zilikuwa za kadi. Ofisini walikuja kumjua kama mkali kuliko wao. Aliwahi kuandika barua kueleza kwamba mtoa maneno wa kijiji jirani alikuwa na mama wa Friesland, mkoa wa jirani. Mwaka uliofuata akaandika nyingine, kuhusu mtu mwingine. Wote wawili kadi zao zilitolewa.

Mwaka 1961 alimjia Hilbrand Toxopeus, mkata nyasi wa tuta la kuzuia bahari, mzee mwenye sauti iliyosikika hadi kanisani. Alileta daftari la shule lililojaa maneno ya kijiji, kurasa zote, mbele na nyuma.

“Baba yako alizaliwa Termunten, Hilbrand,” Frouwke alimwambia pale pale kwenye dirisha la posta.

“Kilomita nane! Mbwa wangu huenda Termunten na kurudi kabla sijamaliza kiko.”

“Kanuni ni kanuni.”

“Basi na mbwa naye akibweka asihesabiwe?”

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Frouwke hakucheka. Alimrudishia daftari pamoja na stempu alizokuja kununua. Hilbrand alifariki mwaka 1966, mjane wake akasafisha nyumba, na daftari halikuonekana tena.

Fenna naye alifariki mwaka 1969. Kwenye jiwe lake waliandika jina na tarehe mbili, bila mahali.

Miaka minne baadaye Menkewierde yenyewe iliondolewa. Bandari ilihitaji ardhi, viwanda vilihitaji bandari, na kijiji chenye nyumba sitini na moja kilikuwa katikati. Watu walilipwa wakatawanywa kwenye fleti za Delfzijl na Appingedam. Kanisa lilivunjwa. Mawe ya makaburi yalipangwa juu ya tuta la bahari, ambako yapo mpaka sasa, yakitazama matangi ya viwanda. Watoto waliozaliwa kwenye fleti walizungumza Kiholanzi cha shule. Kufikia mwaka 1990, kati ya wale walioijua lugha ya kijiji kama watu wazima, Frouwke ndiye aliyebaki mwenye kumbukumbu timamu na mkono wa kuandika. Kadi zake zilifika 11,460. Ukiacha kadi hizo na mawe yale, kijiji kile hakikuwa na kitu kingine.

Machi 1996 mhariri wa kamusi, Roelof Nanninga, alimwita mjini. Nanninga ni mtu mrefu wa miaka arobaini na kitu, anayezungumza kwa mikono hadi vikombe vinakuwa hatarini. Alikuwa ametandika ramani mezani. Pwani nzima ilikuwa na nukta za kijani, na kati yake nukta moja nyekundu.

“Bi Havinga, unaiona hii? Hii ni wewe.”

“Nimefanya nini?”

“Umeniharibia usingizi wiki tatu. Kaa, kaa. Unakumbuka kadi yako ya neno tuun?”

Aliikumbuka. Ilikuwa ya mwaka 1968. Swali liliuliza neno hilo lina maana gani kijijini, na Frouwke alijibu: uzio wa fito zilizosukwa, wa kuzuia kuku. Vijiji vingine vyote vya pwani vilijibu: bustani, pale pa viazi na maharage.

Nanninga alimpitisha kwenye ukoo wa neno hilo kama mtu anayeonyesha picha za harusi. Wajerumani, alisema, wanalo, na kwao ni uzio. Waholanzi wanalo, na kwao ni bustani. Wanorwe wanalo, na kwao ni uwanja ulio katikati ya nyumba za shamba. Watu wa Iceland huita hivyo konde la majani lililo jirani na nyumba, lile linalotiwa samadi. Waingereza wamekwenda mbali kuliko wote, kwao limekuwa mji mzima. Neno ni lilelile, kila mmoja ameondoka na kipande chake. Mmoja alibaki na fito, mwingine akachukua kilichozungushiwa fito, na mwingine akaendelea kuongeza nyumba ndani mpaka akapata soko na meya. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa sana: nasi tunaita ua zile fito, na tunaita ua pale palipozungushiwa.

“Na kabla ya fito?” Frouwke aliuliza.

“Kabla ya fito wapo wanaosema ni ngome. Wakelti walikuwa na neno la ngome linalofanana mno na hili. Huenda mababu wa watu wote hawa walilichukua kwao. Lakini humu kwetu, uzio ndio wa zamani na bustani ni mtoto wake. Sasa tazama.” Akaweka kidole juu ya nukta nyekundu. “Pwani nzima imesahau, isipokuwa Menkewierde. Mko peke yenu, kama kisiwa! Nitaipa ukurasa mzima na ramani yake. Na jina lako chini.”

Frouwke alirudi Appingedam kwa treni akiwa na nakala ya ramani kwenye mkoba. Alipika supu ya haradali, akala amesimama, akaitandika ramani juu ya meza ya jikoni. Alifurahi, alikiri baadaye. Kijiji kilichofutwa kilikuwa kimepata ukurasa. Kisha, akiwa anaosha sahani, alijaribu kulisikia neno lenyewe likisemwa, jambo ambalo alilifanya kwa kila kadi. Sentensi ilikuja yenyewe: funga tuun, kuku watatoka.

Ilikuwa sauti ya mama yake.

Akajaribu kumsikia baba. Baba naye alikuja upesi: nenda tuun ukachimbe viazi vya mchana. Bustani, kama pwani nzima. Frouwke alikuwa amezijua maana zote mbili tangu utotoni. Mwaka 1968, alipokaa mbele ya kadi, alikuwa ameitupa ile ya baba yake kwa sababu ilifanana na Kiholanzi cha shule. Alidhani ni uchafu ulioingia kutoka mjini. Ile nyingine ilikuwa ngeni, na yeye aliamini kwamba kigeni ndicho cha kale, na cha kale ndicho chao.

Jumapili alikwenda kunywa kahawa kwa kaka yake, kama kila Jumapili. Eltjo Havinga, mwendesha winchi mstaafu wa bandari ileile iliyokifuta kijiji, anaishi ghorofa ya pili na kanari wawili. Alimpa kikombe na biskuti moja, akafunga kopo.

“Baba alipaitaje pale nyuma ya nyumba, penye maharage?” Frouwke aliuliza.

“Ulikuwepo. Au umekuja kunipima kama nimeanza kuchakaa?”

“Jibu tu, Eltjo.”

“Tuun. Ulitaka apaiteje, bustani ya malkia?”

“Na uzio wa kuku?”

“Uzio aliuita kwa jina jingine. Mama ndiye aliyekuwa anauita...” Akamtazama dada yake, akaweka kikombe chini. “Hapana.”

“Watalichapa kwenye kamusi kama neno la kijiji, Eltjo. Na ramani.”

“Wachape! Atalia nani? Kuku?”

“Kilichoandikwa pale si kweli.”

“Frouwke, nimefanya kazi bandarini miaka thelathini na nne. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniita mtoto wa Mjerumani. Hata mmoja! Unajua ni kwa nini? Kwa sababu nilifunga mdomo. Na wewe ulifunga. Mama alifunga wa kwake mpaka akazikwa nao.”

“Siku hizi hakuna anayejali mambo hayo.”

“Kama hakuna anayejali,” Eltjo alisema, “basi nyamaza.”

Frouwke alimaliza kahawa akaondoka.

Aprili yote aliitumia kutafuta njia ya kuokoa zilizobaki. Aliteremsha masanduku ya viatu, akachonga penseli, akaanza kuweka herufi kwenye kona ya kila nakala: D kwa Derk, F kwa Fenna. Alidhani kazi itakuwa rahisi. Maneno ya tuta, ya farasi na ya plau yalikuwa ya baba, hayo hayakumsumbua. Kwa maneno ya jikoni alikwama. Fenna alifundishwa jiko la Menkewierde na mama mkwe wake, aliyezaliwa pale pale. Je, neno la utando wa maziwa lilikuwa la Bentheim au la bibi? Neno la upepo unaotangulia mvua, baba alilisema akiwa mlangoni na mama akalirudia akianua nguo. Ni nani aliyelileta nyumbani? Frouwke alifumba macho akawasikia wote wawili, na kadiri alivyosikiliza zaidi ndivyo sauti zilivyozidi kuwa moja.

Baada ya kadi 640 alikuwa na D sabini na moja, F thelathini na nane, na alama za kuuliza mia tano thelathini na moja. Tarehe 2 Mei aliacha. Alikuwa ameishi miaka sitini na mitano akiamini kwamba anajua lugha ya kijiji chake, na sasa hakuweza kuapa kwa neno la maziwa.

Tarehe 9 Mei alikwenda ofisini bila kuitwa. Nanninga alimletea kahawa kwa mikono yake. Frouwke alisema alichokuja kusema kwa sentensi tatu, akiwa bado amevaa koti.

Mikono ya mhariri ilitulia juu ya meza.

“Ni kadi moja,” alisema mwishowe. “Nitaitoa mimi mwenyewe. Leo hii.”

“Na zile nyingine?”

“Zipi?”

“Sijui zipi, Bwana Nanninga. Hilo ndilo nililokuja kukuambia.”

Nanninga alinyanyuka, akaufunga mlango uliokuwa wazi kwa inchi mbili, akarudi kukaa. “Bi Havinga. Wewe umepita tu mjini, umekuja kunywa kahawa. Tumeongea habari za mvua. Umenielewa?”

“Niletee fomu yangu.”

“Unajua watafanya nini?”

“Najua kuliko wewe. Niliwaandikia barua mbili wafanye hivyohivyo kwa watu wengine. Niletee fomu. Kalamu ninayo.”

Alikata neno kwenye mstari wa nne kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika Bentheim juu yake, akatia sahihi na tarehe. Nanninga anasema hakuwahi kuona mkono uliotulia vile. Frouwke anasema ulitulia kwa sababu hakuwa anausikia.

Kamati ya kamusi ilikutana Juni. Mjumbe mmoja alipendekeza kadi zibaki na kuwekewa alama ya shaka. Wengine waliuliza kwa nini mama wa Bentheim avumiliwe wakati mama wa Friesland hakuvumiliwa. Katika miaka arobaini kanuni ilikuwa imewatoa watu kumi na tisa. Kura zilipigwa. Kadi zote zinatoka.

Nanninga alimpigia simu jioni ileile.

“Nilijaribu,” alisema.

“Ulijaribu nini?”

“Niliwaambia kwamba hakuna mwingine wa Menkewierde. Nikawaambia tukitoa hizi, kijiji hakina kitu.”

“Alikuwepo mwingine,” Frouwke alisema. “Alikuja dirishani kwangu na daftari.”

Nanninga hakujua anazungumzia nani.

Taarifa ya kamati ilitoka kwenye jarida la ofisi mwezi Julai, aya moja yenye namba ya fomu, jina la kijiji na sababu. Mtu fulani aliikata akaibandika kwenye ubao wa matangazo wa jengo anamoishi Eltjo, kati ya ratiba ya karata na tangazo la baiskeli inayouzwa. Hakuna aliyemwambia Eltjo lolote. Watu wawili waliokuwa wakicheza naye karata Jumatano walipata shughuli nyingine. Wiki iliyofuata binti yake alimpigia simu shangazi yake kumwambia kwamba Jumapili asije.

“Mpaka lini?” Frouwke aliuliza.

“Baba hakusema mpaka lini, shangazi. Alisema usije tu.”

Nilipomtembelea Agosti ili kuandika habari hii, Frouwke alinionyesha masanduku ya viatu, kumi na manane, yamepangwa ukutani karibu na jiko. Nilimuuliza kama bado huwa anayasikia maneno. Alisema ameacha kujaribu. Akifikiria neno lolote sasa, swali linatangulia, na neno linakimbia kabla halijajibu. Juzi, alisema, alisimama dirishani akaona upepo ukigeuka kutoka baharini, na hakuwa na neno la kuuita. Alitumia la Kiholanzi cha shule.

“Si ungetumia tu lile la nyumbani?” nilisema. “Hakuna aliyekuwa anakusikiliza.”

“La nani?” akanijibu.

Juzuu litachapwa Novemba. Ukurasa wa neno tuun umeandikwa upya. Pwani yote ni ya kijani, na palipokuwa na Menkewierde hapana nukta. Kadi zitaanza kutolewa kwenye droo Jumatatu, tarehe 2 Septemba, kuanzia herufi A, na kazi itachukua siku nne. Zitafungwa kwa kamba na kuwekwa kwenye ghala la chini bila namba. Frouwke Havinga ameomba azitoe mwenyewe, kwa kuwa anajua zilipo. Ofisi imekubali. Atapanda treni ya saa mbili na dakika kumi na moja asubuhi.